Kumrudisha Sefu Kabla ya Magharibi

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetupa usahaulifu ili tupumzike na kumbukumbu ili tushukuru. Namshukuru kwa macho ambayo bado yanaona, kwa magoti ambayo bado yanakubali kusujudu ingawa yanalalamika, na kwa wageni anaotuletea bila taarifa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na kila anayemfuata kwa wema. Baada ya hayo, msomaji wangu, sogea karibu nikusimulie.

Mwezi uliopita mtoto wa mjomba wangu alikuja kunitembelea hapa Handeni. Siku hizi ni mtu mzima mwenye kitambi na ndevu nyeupe kidevuni, lakini nikimtazama namwona yule mtoto mwembamba wa kaptura. Alileta mchele na sukari, akala, akawasalimu watoto ninaowasomesha Kurani barazani. Walipotawanyika akafungua begi, akatoa kitu kilichofungwa kwenye taulo, akakiweka mkekani katikati yetu.

Kilikuwa kile kidude cha gemu. Zamani kilikuwa cha kijivu, sasa kimegeuka manjano kama jino la mvuta tumbaku. Kioo chake kilikuwa na mkwaruzo uleule pembeni, na vile vitufe viwili vya kulia vilikuwa bado vimebonyea kidogo, kwa sababu ya kidole gumba chake.

"Nimekikuta kabatini kwa marehemu baba," akaniambia. "Betri nimenunua hapo stendi. Tuwashe?"

Nikamwambia tusali alasiri kwanza.

Akacheka. "Umekuwa Bibi kabisa."

Basi wakati maji ya kutawadha yakichotwa, mawazo yangu yalikuwa yameshafika Korogwe.

Mimi nililelewa na bibi yangu mzaa mama, Kwamndolwa, pembezoni mwa mji wa Korogwe. Wazazi wangu walikuwa Handeni, nami nilipelekwa kwa Bibi nisome na nimsaidie kazi. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na bati, na baraza iliyotazama barabara. Ukikaa pale asubuhi uliona milima ya Usambara imejifunika ukungu kama mgonjwa wa homa, na upepo ukigeuka ulileta harufu kali ya mkonge uliosindikwa. Mashine ya kusaga ilianza kupiga mapema, tuk tuk tuk, ikanyamaza adhuhuri, na ikinyamaza ulisikia kuku wanavyochakura.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kama watu wazima walivyoiita. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa. Bibi alikuwa akiingia dukani kutazama tu rafu, sabuni za rangi zimepangwa, mafuta ya kupaka, biskuti, tochi. Anasimama kitambo, anasema alhamdulillahi, anatoka. Mwenye duka alishamzoea. Mjomba wangu ndiye aliyenufaika zaidi na ruksa hiyo, maana alikuwa akisafiri Arabuni, akirudi na saa, redio na vitambaa vya kuuza Kariakoo. Na safari moja alirudi na hicho kidude, akampa mwanawe.

Likizo ndefu ilipofika, mtoto huyo akaletwa kwa Bibi. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja na maringo mengi. Jina lake Sefu, jina la babu yetu, mume wa Bibi. Kwa hiyo Bibi hakumwita mjukuu hata siku moja. Alimwita mume wangu. Mimi akaniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na kunipigia kelele kwamba nimekuja kumnyang'anya bwana ilhali hata kusonga bada sijui.

"Shikamoo Bibi," mgeni alisema siku ile, akiwa bado na begi mabegani.

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huyo mwanamke wa Dar hakupikii?"

"Mama ananipikia."

"Hapana, hakupikii. Kaa ule."

Tukala bada la unga wa muhogo, na mboga ya mchunga iliyopunguzwa uchungu wake kwa tui la nazi. Mtoto wa Dar alikunja uso kwa ule uchungu, Bibi akacheka hadi akashika mbavu. Kisha mtoto wa mjomba akanawa, akatoa kidude chake, na maisha yetu ya alasiri yakabadilika.

Usifikiri ulikuwa mchezo wa kupiga risasi. Ulikuwa mchezo wa kumtembeza mtu. Kijana mdogo anaamka kitandani nyumbani kwa mama yake, katika kijiji kidogo. Anatoka, anazungumza na kila anayekutana naye, na maneno yao yanaandikwa chini kwa Kiingereza, ambacho sisi tulikijua kwa kupapasa. Nje ya kijiji kuna majani, na majanini kuna wanyama wadogo wakorofi. Akiwapiga anaongezeka nguvu kidogo, kidogo sana. Mbali huko kuna mto na daraja, ng'ambo ya daraja kuna mji, na nyuma ya mji kuna pango lenye joka lililoziba chemchemi ya watu. Kazi ya kijana ni kwenda kulitoa. Kabla ya yote hayo mashine inakuuliza, huyu kijana anaitwa nani? Nafasi ilikuwa ya herufi nne.

"Umeandika nini hapo?" Bibi akauliza. Alikuwa anapepeta mpunga, ungo magotini.

"Jina langu."

"Umeandika jina la babu yako," Bibi akasema, akasogeza kigoda karibu.

Bibi alikuwa anasoma herufi za Kurani vizuri kuliko watu wengi niliowajua baadaye, lakini herufi za shule hakufundishwa. Alimwambia mtoto wa mjomba amwonyeshe. Akamwonyesha zile nne. Akazitazama sana. Tangu siku hiyo, kila mtu wa kwenye gemu alipomtaja kijana kwa jina, Bibi alikuwa akinyoosha kidole chenye unga na kusema, "Anamwita."

Hapo ndipo matatizo yetu yalipoanza. Katika mchezo ule, kijana anaingia nyumba yoyote anayotaka. Mlango uko wazi, anapita.

"Hiyo nyumba ya nani?" Bibi akauliza.

"Ya mtu tu, Bibi."

"Amepiga hodi?"

"Hakuna kitufe cha hodi."

"Basi piga wewe."

Kwa hiyo ikawa kila mlango, mtoto wa mjomba anasema hodi kwa sauti ya kuona haya, na Bibi kutoka kwenye ungo wake anajibu, "Karibu." Asipojibiwa haingii. Kama Bibi amekwenda jikoni, Sefu wa kwenye gemu anasubiri mlangoni kwa watu hadi Bibi arudi.

Kisha kukaja masanduku. Ndani ya nyumba zile mlikuwa na masanduku, na mchezaji anatakiwa kuyafungua, maana humo mna panga, ngao, dawa na fedha za safari. Mtoto wa mjomba akalisogelea la kwanza.

"Anafungua nini?"

"Sanduku, Bibi. Ndani mna upanga."

"Sanduku la nani?"

"La mwenye nyumba."

"Na mwenye nyumba yuko wapi?"

"Si huyo hapo amesimama."

"Anamtazama mume wangu akimwibia?"

"Kwenye gemu inaruhusiwa, Bibi. Wote wanafanya hivyo."

"Kwa mume wangu hairuhusiwi."

Hakupandisha sauti. Aliendelea kupepeta. Mtoto wa mjomba akanitazama mimi kutafuta msaada, nami nikatazama milima. Sanduku likaachwa, na Sefu akatoka nyumba ile na fimbo yake aliyopewa na mama yake, akaenda nayo hivyo hivyo likizo nzima.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kisambaa aliyeteremka na mume wake kutoka Bungu, alikuwa akipita jioni na kikapu cha ndizi. Alisimama nyuma yetu akatazama. "Mwanamume mzima na kifimbo, anakwenda kuua joka? Wazigua nyie mna mambo."

"Nyie Wasambaa mkiona tu bonde mnashikwa kizunguzungu," Bibi akamjibu. "Joka mngeliweza wapi? Kaa chini ule muwa."

Akakaa. Kuanzia siku hiyo hakupita bila kuuliza hali ya Sefu.

Kwa kuwa hakuwa na upanga, Sefu alilazimika kutafuta nguvu majanini. Siku nenda siku rudi alizunguka palepale nje ya kijiji akipiga panya na popo, akipata nguvu ya kubana kwenye kucha. Mtoto wa mjomba alichoka, akanipa mimi nizungushe, mimi nikichoka namrudishia. Bibi alisema ni kama palizi, husifiwi ukiwa shambani ila mahindi yanaonekana baadaye. Na kweli yalionekana. Ikafika siku panya wakimwona wanakimbia wenyewe.

Mara ya kwanza alipoanguka, kioo kiligeuka cheusi na muziki ukawa wa taratibu. Bibi akaweka ungo chini.

"Amekufa?"

Kioo kikarudi. Sefu alikuwa kitandani kwake, anaamka. Akizimishwa na wanyama, mashine humwamsha pale alipolala mara ya mwisho.

Mimi nilikuwa msomi wa madrasa, nikajua tatizo liko wapi. Nikasema mwalimu ametufundisha kwamba mwanadamu akifa hafufuki hadi Siku ya Mwisho. Bibi akafikiri, kidevu mkononi.

"Basi hakufa. Alizimia. Watu wema wamembeba wakamleta kwao."

"Watu gani, Bibi?" mtoto wa mjomba akauliza. "Pale porini hakukuwa na mtu."

"Watu. Wapo. Duniani hawakosekani."

Na kulikuwa na sheria nyingine, ngumu kuliko masanduku. Kidude kile hakikuwa na taa, kioo chake kilihitaji mwanga wa jua, hivyo tulicheza barazani baada ya alasiri, na jua likizama nyuma ya miembe ya jirani tulikuwa hatuoni kitu. Mashine yenyewe ilikumbuka mwendo wako tu ukimlaza kijana kitandani. Kitanda cha nyumbani kilifaa, na katika mji wa ng'ambo ya daraja kulikuwa na nyumba ya wageni yenye vitanda, navyo vilifaa. Mchezaji mwenye haraka angelala huko na kesho yake akaendelea mbele. Bibi hakukubali. Magharibi isimkute Sefu njiani, na isimkute kwa watu. Kila jioni ilibidi tumgeuze, tumpitishe darajani, tumvushe majani yote, hadi kwa mama yake. Kwa hiyo kila siku tulikuwa tunakwenda hadi mahali palepale na kurudi, kama mtu anayekwenda sokoni.

Siku moja mtoto wa mjomba akachoka, akasema, "Bibi, huyu ni katuni. Akilala mjini kuna ubaya gani?"

Bibi alikuwa anageuza makopa juani, vile vipande vya muhogo anavyovianika juu ya bati kuukuu, na katikati ya makopa zilikuwa betri zetu nne, maana tulikuwa tukizianika zipate uhai kidogo. Akazigeuza na zenyewe.

Ndipo akatuambia. Mimi nilikuwa najua vipande tu. Mwaka wa njaa, Babu alipanda baiskeli akaenda upande wa Handeni kutafuta mahindi. Akamwambia Bibi kwamba Ijumaa analala nyumbani. Huko nyikani akashikwa na homa, akapokelewa na boma la wafugaji ambao hawakumjua hata jina. Walimuuguza walivyoweza. Alipofariki walikwenda kutafuta Waislamu katika kijiji cha karibu, wakaja wakamwosha, wakamsalia, wakamzika. Habari zilimfikia Bibi wakati mvua zimeshakata njia, na yeye ana mtoto mchanga, ambaye ndiye mama yangu. Alipoweza kwenda, wale wafugaji walikuwa wamehama na ng'ombe wao kama kawaida yao, na hapakuwa na wa kumwonyesha ni wapi.

"Najua ni katuni," Bibi akasema. "Mimi si mtoto. Lakini jina ni lake, na mimi nipo hapa natazama. Sitamtazama akilala kwa watu."

Ndipo nikaelewa pia habari ya kitanda. Katika nyumba yetu kulikuwa na chumba chenye kitanda cha kamba ambacho hakuna aliyekilalia. Mimi nililala mkekani pamoja na Bibi. Na kila Ijumaa, baada ya kufagia uwanja hadi barabarani, Bibi alitandika kitanda kile shuka safi, Jumamosi akaiondoa. Nilifika kwa Bibi nikakuta hivyo, sikuwahi kuuliza, kama mtoto asivyouliza kwa nini mlango uko upande huu.

Mtoto wa mjomba hakulalamika tena. Lakini likizo ilikuwa inaisha, na joka bado lilikuwa limekalia chemchemi. Siku mbili kabla ya yeye kuondoka alimpigia Bibi magoti kwa utani, akiwa kweli anaomba. "Mke wangu, niruhusu usiku mmoja tu. Nikilala mjini leo, kesho nafika kwenye pango jua likiwa bado juu. Nalitoa joka, watu wanapata maji, narudi nyumbani. Watu wa mji mzima wanakutegemea wewe."

Jirani yetu akaingilia. "Mruhusu. Watu hawana maji."

Bibi alimaliza kwanza kupepeta ungo mzima. "Usiku mmoja," akasema. "Kesho arudi."

Sefu akalazwa katika nyumba ya wageni. Jioni ile Bibi hakumaliza chakula. Tulipokuwa tunanawa akauliza, "Huyo mwenye nyumba ya wageni ni mtu wa namna gani?"

"Ni mama mmoja mnene," mtoto wa mjomba akasema. "Anacheka cheka."

"Alhamdulillahi," Bibi akasema, akaenda kutawadha.

Kesho yake, sahani za mchana bado ziko mkekani, gari ndogo ya mizigo ikasimama mbele ya uwanja, na mjomba akashuka. Alikuwa ametoka Moshi na bidhaa, akaamua kupitia kumchukua mwanawe siku moja mapema. Na alikuwa amekasirika, kwa kuwa matokeo ya mtihani yalikuwa yameshamfikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

"Tukishasali alasiri tunaondoka. Na wewe," akamgeukia mwanawe, "hicho kidude tukifika Dar nakifungia kabatini. Hukioni tena mpaka umalize la saba, na ufaulu."

Hakuwa mtu mbaya, mjomba. Alikuwa mzazi. Akaketi kula, kisha akajinyoosha mkekani apumzike.

Sisi wawili tukatoka barazani. Mtoto wa mjomba akaziokota betri kutoka kwenye makopa, zikiwa za moto, akazitia. Kitaa chekundu kikawaka kwa unyonge. Sefu akaamka katika nyumba ya wageni, yule mama mnene akamwaga maneno yake ya kumuaga. Pango lilikuwa hatua chache kutoka pale. Nyumbani kulikuwa mbali, daraja na majani yote. Betri zile, kwa namna tulivyozijua, zingetosha jambo moja tu.

Alitaka joka. Alikuwa amelitaka kila siku ya likizo, amezungushwa majanini na fimbo kwa ajili yake, na sasa angerudi Kariakoo kwa wenzake bila hata kuliona lilivyo. Alisimama na kijana wake katika njia panda ya mji, kidole gumba hewani. Na ilikuwa wazi kwetu wote wawili kwamba akienda pangoni betri zikafa, Sefu atafungiwa kabatini huku kalala kwa watu.

Bibi alitoka, akaketi kigodani. Alikuwa ameshasikia kila kitu. Nilitegemea aseme. Hakusema amrudishe, wala hakusema asimrudishe. Alisema tu, "Mimi nipo hapa," akaweka mikono mapajani bila kazi yoyote. Sikuwahi kuiona mikono ile ikikaa bila kazi.

Mtoto wa mjomba akavuta pumzi kwa pua. Kisha akamgeuza Sefu, akalipa pango mgongo.

Walikuja wanyama wote siku ile, au labda ndivyo tulivyoona. Darajani alikutana na ndege mkubwa, akampiga fimbo hadi akaruka. Majanini akaumwa na nyoka wadogo, nguvu zikawa zinapungua, nami moyoni nasema ya Rabbi asizimie, maana akizimia ataamkia kulekule kwa yule mama mnene na betri hazitamrudisha tena. Kitaa chekundu kikafifia kikawa kama punje ya mtama. Kioo nacho kikaanza kuwa cheupe. Mtoto wa mjomba akakigeuza kidude huku na huko kutafuta jua, na mimi na Bibi tukageuka nacho, vichwa vitatu pamoja kama kuku wanaokunywa maji.

"Kijiji," akasema.

Mlango wa mama yake. Hata kwa haraka ile alisema, "Hodi."

"Karibu," Bibi akajibu, na sauti ilikuwa si ile ya siku zote.

Mama wa kwenye gemu akamtaja kwa jina. Bibi akanyoosha kidole kwenye zile herufi nne, zilizokuwa karibu kufutika. Sefu akapanda kitandani. Ukapigwa ule muziki mfupi wa kulala, ambao Bibi alishazoea kuuimba akipepeta kana kwamba ni kaswida. Mtoto wa mjomba akazima mwenyewe, kabla betri hazijamzimia.

"Amelala?" Bibi akauliza.

"Amelala, mke wangu," akasema, macho chini. "Kwake."

"Mungu akupe umri, baba."

Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimwita jina lingine zaidi ya mume. Wakasali, wakapanda gari, vumbi likashuka taratibu juu ya makopa. Bibi hakulia. Aliyaingiza makopa ndani mapema kuliko kawaida.

Ijumaa iliyofuata tulifagia uwanja hadi barabarani. Nikaleta shuka kama nilivyozoea. Bibi akaitazama, akaipangusa kwa kiganja, akasema, "Mke mwenzangu, kitanda kile kuanzia leo lala wewe. Umekua, mkeka unakubana." Nikakilalia hadi nilipoolewa.

Nimesoma dini kiasi Mungu alivyoniruzuku, na naijua mipaka. Mchezo ni mchezo. Kaburi la Babu Mwenyezi Mungu analijua lilipo, na hahitaji kuonyeshwa na mtu. Bibi aliyajua hayo kabla yangu, alimwombea mumewe kila baada ya sala hadi siku yake ya mwisho. Ila nimeishi muda wa kutosha kuona kwamba faraja hupita mlango wowote inaoukuta wazi, na namshukuru aliyeituma kupitia mlango mdogo namna ile.

Vingi havipo sasa. Ile baraza haipo, pamejengwa fremu za maduka. Mashine ya kusaga imehama. Jirani yetu alirudi kuzikwa kwao Bungu, kwenye ubaridi aliokuwa akiulilia. Ungo wa Bibi sijui ulikwenda wapi. Hata kuanika betri nikiwaeleza watoto ninaowasomesha wananitazama kama ninayewatungia hadithi.

Tulipomaliza kusali alasiri, mtoto wa mjomba alizitia betri mpya. Akaniambia jambo ambalo sikulijua. Alipomaliza la saba baba yake alimpa ufunguo wa kabati, lakini hakukiwasha.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Niliogopa nitamtoa kwake."

Akawasha. Kitaa chekundu kikawaka vizuri. Muziki ukapiga, nami nywele zikanisimama. Kisha kioo hakikutuonyesha kijiji wala kitanda. Kulikuwa na nafasi tupu. Alishaelezwa na mwanawe kwamba ndani ya vidude hivi kuna betri nyingine ndogo inayotunza kumbukumbu, nayo hufa baada ya miaka.

"Sefu hayupo," akasema. Mtu wa miaka ile na ndevu zile, alisema kama mtoto.

"Alikuwa amelala kwake," nikamwambia. "Aliyelala kwake hatumdai kitu."

 Mashine ilikuwa inasubiri, ikiuliza lile swali la siku ya kwanza, huyu anaitwa nani? Tulitazamana. Sijui nani alianza kucheka. Akashika kidude kwa mikono miwili kama zamani, akaandika Bibi. Herufi nne zikaenea.

Basi Bibi akaamka kitandani, mama yake akamwita kwa jina, akatoka nje kwenye mwanga. Nyumba ya kwanza tukapiga hodi. Sanduku tukaliona, tukalipita. Akazunguka kidogo majanini na fimbo yake, na jua lilipoanza kuingia nyuma ya mnara wa msikiti wetu, mtoto wa mjomba, bila kuambiwa na mtu, akamgeuza kumrudisha nyumbani.

Nawe uliyenisikiliza hadi hapa, Mwenyezi Mungu akutunze safarini na makazini. Awarehemu wale wako ambao hukujaliwa kuwazika, awape kila aliye mbali mtu mwema wa kumpokea, na kila jua linapokuchwa likukute umefika kwako, mlango umefunguliwa, na wa kukuitikia yupo. Amina.